Lebo ya Arobaini na Mbili

4 Machi, Jumatatu

Mvua imeanza leo asubuhi kabla hata hatujafungua milango ya ghala. Daftari hili nimelikuta kwenye kabati la ofisi, halina mwenyewe, nikalichukua. Mama anasema mtu anayeongea peke yake kama mimi afadhali aandike, majirani nao wapumzike.

Basi nianze na kazi. Mimi ni mchapaji wa lebo. Ghala letu linapeleka maji ya dripu hospitalini na kwenye zahanati. Katoni hupangwa juu ya paleti, paleti huzungushiwa nailoni, nami naibandika lebo yenye mistari na nambari ya tarakimu kumi na nane. Nambari hiyo ni ya paleti hiyo tu, haipewi nyingine, na imeorodheshwa kwenye karatasi yangu ya kuchapia. Mlangoni inapigwa na skana, ambayo sisi tunaiita bastola, na kompyuta inajua paleti ipi imetoka saa ngapi na inakwenda wapi. Ikifika huko inapigwa tena. Ikipotea, tunajua imepotelea kati ya wapi na wapi.

Tarakimu zote kumi na nane hakuna anayezisoma. Za mwanzo zinafanana siku nzima, kwa hiyo tunaitana kwa mbili za mwisho: leta kumi na tano, sukuma thelathini.

Bastola iko mikononi mwa Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu. Ana miaka ishirini na miwili pale mlangoni. Ndiye aliyenitafutia kazi hii baba alipofariki. Mwisho wa Mei anastaafu, na ameshaanza kuwaambia watu hotuba yake ya kuaga itakuwa na maneno matatu, wakae mkao wa kula mapema.

6 Machi

Mvua. Lebo tatu zimebanduka.

11 Machi, Jumatatu

Nailoni ikilowa, gundi haishiki. Lebo ikiharibika, sheria ni kwamba nipande ofisini, meneja aifute nambari ile, nipewe mpya, nisaini. Nusu saa imekwenda. Leo zimeharibika saba. Dereva anapiga honi, na Redio, mpakiaji wetu mkuu, tuliyemwita hivyo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, ananiuliza mbele ya watu kama lebo nazichapa au nazichemsha.

Nimepata ujanja. Mashine ina kitufe cha kurudia. Kila lebo naichapa mara mbili: moja naibandika, ya pili naiweka akiba kwenye droo. Ya kwanza ikiharibika, naweka ya pili. Paleti ni ile ile, nambari ile ile, nani kaumia? Mzigo ukishapakiwa, akiba naichana. Nimerudi nyumbani nikijiona nina akili kuliko waliotunga sheria.

14 Machi

Meneja kanisifu kwenye mkutano wa asubuhi kwa kasi yangu. Baba Mdogo akapiga makofi peke yake, kwa nguvu, mpaka nikaona haya.

19 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya meza yangu. Nimeweka ndoo.

21 Machi, Alhamisi

Naandika haraka kabla sijabadilisha nia ya kuandika.

Asubuhi arobaini na moja ilipakiwa kwenye lori la hospitali kuu na kuondoka salama. Nilikuwa sijaichana akiba yake, maana ndoo ilijaa, maji yakamwagika mezani, nikakusanya lebo zote kwa mkupuo na kuzitupia kwenye droo. Mchana likaja lori la zahanati ya ng'ambo ya mto, paleti tano. Redio alikuwa anasimulia harusi ya dada yake, mimi nacheka. Paleti ya mwisho ilikuwa arobaini na mbili. Nikaingiza mkono kwenye droo, nikachukua ya juu, nikabandika. Sikuisoma. Mkono wangu ulijua ni arobaini na mbili kwa sababu ilikuwa zamu ya arobaini na mbili.

Mlangoni bastola ikalia ile sauti mbaya.

"Mama Nambari!" Baba Mdogo akaniita kwa jina la utani alilonipa. "Njoo uone. Hii inasema imeshatoka."

"Ngapi hiyo?"

"Arobaini na moja."

Kweli nilidhani bastola imelowa. Naapa, kwa dakika ile nilidhani hivyo. Nikamwambia, "Hiyo bastola imekunywa maji, Baba Mdogo. Andika kwa mkono, mimi nitarekebisha kwenye kompyuta."

"Ukisema wewe, imetosha," akasema, akaandika kwenye hati ya mzigo, arobaini na moja, akasaini.

Niliporudi mezani na kufungua droo, lebo ya arobaini na mbili ilikuwa inanitazama, nzima, bado iko kwenye karatasi yake.

Lori lilikuwa halijatoka. Lilikuwa kwenye geti la barabarani, linasubiri mlinzi afungue kufuli. Niliziona taa zake nyekundu. Lilihitaji sauti moja tu, na sauti ninayo. Nikafikiria meneja, kitufe cha kurudia, zile sifa za wiki iliyopita, Redio na mdomo wake. Geti likafunguliwa. Lori likaenda.

Lebo nimeileta nyumbani. Nimeichomeka humu.

22 Machi

Nitasema Jumatatu.

25 Machi, Jumatatu

Daraja limefunikwa na maji. Lori la Alhamisi lilishusha mzigo kwenye stoo ya njiani, upande huu wa mto. Simu za huko hazipatikani. Nimejiambia mzigo upo, haujapotea, umekaa tu, na ukifika zahanati nitasema. Sikusema.

28 Machi

Mvua. Sijachapa akiba tena tangu siku ile. Redio kaniuliza kasi yangu imeenda likizo wapi.

30 Machi, Jumamosi

Leo tumehesabu mzigo wote. Kwenye kompyuta, arobaini na mbili haijatoka. Ghalani, haipo. Tumeitafuta mstari kwa mstari, nami nikaitafuta pamoja nao. Niliinama, nikamulika tochi chini ya rafu, nikasema "huku haipo" kwa sauti ya mtu aliyechoka kutafuta. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote ya leo, ile tochi.

2 Aprili, Jumanne

Meneja ametuita ofisini, mimi na Baba Mdogo. Juu ya meza aliweka hati ya mzigo ya tarehe ishirini na moja.

"Dereva anaapa alishusha paleti tano," akasema. "Stoo ya njiani imetuma orodha yake: bastola yao imekubali nne, na arobaini na mbili hawana. Hapa mlangoni nne zimepigwa na ya tano imeandikwa kwa mkono, tena kwa nambari iliyokwishatoka asubuhi. Mzee, ukiwa mimi ungefikiria nini?"

Baba Mdogo akasema, "Ningefikiria mlinda mlango amepitisha mzigo wa wizi na kuufunika kwa nambari ya uongo. Lakini mimi niliandika kilichokuwa kwenye lebo."

Nilingoja ataje jina langu. Hakulitaja. Hakusema kwamba niliitwa, wala kwamba mimi ndiye niliyemwambia aandike.

Meneja akanigeukia. "Wewe ndiye unayeijua mashine. Inawezekana nambari moja itoke kwenye lebo mbili?"

Hapa nataka niandike maneno yangu kama yalivyotoka, nisijipunguzie. Nilisema, "Haiwezekani. Mashine haitoi nambari mara mbili."

Uso uliniwaka mpaka masikioni. Nadhani meneja aliona nimeudhika kwa kuulizwa.

Baba Mdogo alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayefikiri. Kisha akamwambia meneja, "Huyu hakosei nambari. Kama yeye amesema haiwezekani, basi haiwezekani. Nitakuwa mimi nimesoma vibaya. Macho, bwana. Umri."

Kuanzia leo ameondolewa mlangoni mpaka uchunguzi uishe. Kapewa ufagio wa mpira wa kusukumia maji sakafuni.

3 Aprili

Mama ameuliza kwa nini sili. Nimesema tumbo.

7 Aprili, Jumapili

Baba Mdogo amekuja nyumbani mchana. Mama alimpokea kwa vishindo. "Shemeji yangu awe mwizi wa maji ya wagonjwa? Waliosema hivyo midomo yao iote magamba!" Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo na mdomo wangu.

Alikuwa na jambo. Alinivuta pembeni, akanipa kalenda ya ukutani. "Shika hii, nenda mpaka mlangoni. Nataka kujipima."

Nikaenda. Akafunika jicho la kushoto, akasoma tarehe zote za mwezi, pamoja na yale maandishi madogo ya chini ya mtu aliyeichapisha. Akafunika la kulia, akasoma tena. Hakukosea hata moja.

"Unaona vizuri," nikasema.

"Kalenda naijua kichwani, nabahatisha." Akachukua pakiti ya chumvi, nikasimama nayo mbali, akaisoma uzito, anwani, kila kitu. Akashusha mikono. "Sasa siku ile ilikuwaje, mwanangu? Mimi niliiona moja. Naiona mpaka sasa nikifumba macho. Moja, siyo mbili."

Nikamwambia, "Labda mwanga ulikuwa hafifu. Mvua."

"Labda," akasema.

Sijui kama kuna jina la mtu kama mimi. Nilimshikia pakiti ya chumvi nikijua jibu, kisha nikampa mwanga hafifu.

9 Aprili

Mvua.

10 Aprili

Mvua.

12 Aprili, Ijumaa

Amenunua miwani. Si ya kupimwa na daktari, ni ya barazani, ya kuchagua kwenye kisanduku. Anaivaa akisukuma maji. Inamtia kizunguzungu. Leo amegonga nguzo kwa bega, na Redio akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mzee anaiona milango ya wizi tu, nguzo haioni." Watu wakacheka. Nami nilikuwa na mdomo wazi, sijui kama nilicheka. Nadhani nilicheka kidogo.

16 Aprili

Muuguzi wa zahanati ya ng'ambo alipiga simu ofisini. Maji ya mto yamepungua, wanavuka kwa mtumbwi, wamefuata mzigo wao, wamekuta paleti nne, wanaulizia ya tano. Meneja akamjibu, "Arobaini na mbili bado tunaitafuta." Kila mtu anatafuta arobaini na mbili. Mtu angeiuliza stoo ya njiani arobaini na moja, angeambiwa hapo hapo ilipo. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenye simu.

23 Aprili, Jumanne

Barua imetoka. Ijumaa Baba Mdogo anaitwa mbele ya kikao, na Redio, ambaye safari hii hakutia chumvi, anasema watamfukuza. Kufukuzwa kwa wizi, mwezi mmoja kabla ya kuaga.

Nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo. Amevaa koti la mvua, anakunja ile barua mara nne mpaka ikawa ndogo ya kuingia mfuko wa shati. Nikamuuliza atasema nini kikaoni.

"Nitasema macho. Afadhali nionekane kipofu kuliko mwizi."

25 Aprili, Alhamisi

Nimekwenda kwa meneja saa moja na nusu, kabla hajavua kofia. Nimeweka lebo ya arobaini na mbili mezani kwake. Imekaa humu mwezi mzima na zaidi, karatasi yake imepinda, lakini mistari inasomeka. Nimemwambia kitufe cha kurudia, droo, ndoo, harusi ya dada yake Redio, yote. Nimemwambia aulize arobaini na moja.

Akapiga simu stoo ya njiani. Tulisubiri kama dakika kumi. Kisha nikasikia sauti ya mtunza stoo kwenye simu: ndiyo, ipo, iko pembeni chini ya turubai, bastola ilikuwa inaikataa, wakaiweka hapo wakisubiri mwenyewe aulize. Mwezi mzima ilikuwa inasubiri mwenyewe aulize.

Meneja alirudisha simu mahali pake. Nilikuwa tayari kwa lolote. Akasema, "Kikao nakifuta. Mzee anarudi mlangoni. Kwenye ripoti tutaandika hitilafu ya mfumo, basi. Makao makuu hawapendi majina, na mimi mchapaji mwingine wa kumpata msimu huu sina. Lakini kitufe hicho nitakizuia leo."

Nikasema asante, mkubwa. Niliteremka ngazi nikiwa mwepesi, nikajiambia limekwisha. Nimekula chakula cha mchana nikamaliza.

29 Aprili, Jumatatu

Halijaisha.

Baba Mdogo yuko mlangoni na bastola yake. Kwenye ubao kumebandikwa karatasi: hitilafu ya mfumo, mzigo umepatikana. Hakuna anayeiamini. Redio anawaambia watu kwamba mzee na meneja wamemalizana kimya kimya, kwamba mzigo haupotei mwezi mzima kisha ukaibuka siku moja kabla ya kikao. Wapakiaji wakipita mlangoni wanamtolea mifuko yao aikague kabla hajaomba, wanacheka. Yeye anaikagua.

Miwani bado ameivaa. Hakuna aliyemwambia.

2 Mei, Alhamisi

Nimekwenda nyumbani kwake baada ya kazi. Alikuwa ukumbini anatengeneza mguu wa kiti, miwani imeshuka puani. Nilitaka kukaa nikaona sistahili, nikasimama. Nikamwambia yote. Sikuruka kitu, hata pakiti ya chumvi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Aliweka nyundo chini taratibu.

"Siku ile ofisini," akasema. "Niliposema wewe hukosei. Ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimeshajua."

"Na Jumapili ile, na kalenda?"

"Nilikuwa najua, Baba Mdogo."

Akavua miwani. Akaitazama, akaikunja, akaiweka juu ya kiti kisicho na mguu. Akatazama nje, ukutani kwa jirani, kwenye waya wa nguo.

"Kwa hiyo naona," akasema.

Nikaanza kulia. Hakuninyamazisha. Nilipomaliza akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Meneja."

"Meneja hakunicheka." Akaichukua nyundo tena. "Walionicheka wako arobaini, na wewe unawajua wote."

Hakunisindikiza. Mara zote hunisindikiza mpaka njia panda.

3 Mei

Nilikuwa niseme leo. Nilimwacha meneja akafunga mkutano.

6 Mei, Jumatatu

Leo hakuna mvua. Jua limetoka tangu asubuhi na sakafu ya ghala ina mabaka makavu.

Mkutano ulikuwa unaisha, meneja anauliza kama kuna mwenye neno. Huwa hakuna. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Meneja akatikisa kichwa kidogo, kwamba niache. Sikuacha.

Nilikuwa nimepanga hotuba, ikayeyuka. Nikasema, "Paleti iliyopotea hakuiiba mtu. Mimi niliibandika lebo ya arobaini na moja badala ya arobaini na mbili, kwa sababu nilikuwa nachapa lebo mara mbili kinyume cha sheria ili msifu kasi yangu. Mzee aliniita, nikamwambia aandike kwa mkono. Alisoma sawasawa. Nikajua siku ile ile. Nikanyamaza. Nilipoulizwa, nikasema uongo. Yeye akafagia maji mkamcheka, na mimi nilikuwapo."

Redio alitazama viatu vyake. Halafu akasema, "Kumbe," hilo tu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuongeza. Mama mfagiaji akasonya, akanipita. Walitawanyika bila kunitazama, wawili watatu wakanitazama sana. Baba Mdogo alikuwa nyuma kabisa. Sikuuona uso wake, niliuona mgongo, akielekea mlangoni.

Nilichapa asubuhi nzima na hakuna aliyenisemesha. Redio alikuwa ananyoosha mkono, nampa lebo, anaondoka.

Saa nane mchana bastola ikalia vibaya.

"Mama Nambari," Baba Mdogo akaita. Hakuwa na miwani. Nilipofika niliona kona ya lebo imekunjika, mistari imekatika, si zaidi ya hapo. Ni jambo la kila siku.

"Ni kumi na saba," nikasema. "Imekunjika tu. Andika kwa mkono."

Hakuandika. Alishika kalamu juu ya hati, akasogea karibu na paleti, akaweka kidole kwenye tarakimu ya kwanza kabisa.

"Karatasi yako ya kuchapia unayo?"

"Ninayo."

"Isome," akasema. "Yote."

Lori lilikuwa linanguruma, dereva amekwishaanza kupiga honi, na wapakiaji walikuwa wamesimama wanatusubiri. Nikafungua karatasi yangu nikasoma, moja baada ya nyingine, zote kumi na nane, naye akifuata kwa kidole kwenye lebo, na kila nilipofika kwenye inayofuata nilingoja kwanza aseme ndiyo.